Tenga Lililomwagwa
Mhadhara kwa wazazi na walimu, Matombo, Morogoro



Nilipoombwa nizungumze juu ya wazazi na maadili ya watoto, nilijua kinachotarajiwa. Mzungumzaji wa mada hii huja na vitu vitatu mfukoni: simu, utandawazi na yule samaki wa methali. Huilaumu simu, huulaani utandawazi, humkunja samaki angali mbichi, kisha watu hupiga makofi, soda hugawiwa, kila mtu akarudi kwake kama alivyokuja. Mimi sina ugomvi na samaki. Ila leo naomba nianze na tenga la machungwa.

Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi. Lori la mnunuzi wa Dar es Salaam lilikuwa limelala Mkuyuni, na sisi tulikuwa na usiku mmoja wa kujaza matenga. Baba alinikalisha chini akanifundisha kazi. Machungwa madogo na yaliyochubuka huwekwa chini. Juu yake yale ya wastani. Kisha majani ya mgomba kidogo, na juu kabisa yale makubwa, yaliyoiva sawasawa, yametazama juu kama watoto wa ubatizo. Nilikuwa na mkono mwepesi, na baba alinisifu. Sifa za baba yangu zilikuwa haba, kwa hiyo nilizikumbuka.

Jioni hiyohiyo nilitumwa dukani, nikarudi na chenji pungufu. Niliulizwa, nikasema imedondoka. Haikudondoka. Nilichapwa, na nilistahili. Lakini hata kwa akili za miaka tisa kuna hesabu niliyoshindwa kuimaliza: nimesema uongo wa senti chache, nikachapwa na mtu aliyekuwa ametoka kusema uongo wa tenga zima, tena mimi ndiye niliyemsaidia kuupanga.

Kumtendea baba haki, alikuwa na hoja. Yule mnunuzi hakuwa malaika. Mkulima wa milima hii anajua anavyopunjwa: bei hutajwa na mwenye lori, na asiyekubali atabaki na machungwa yake yaoze. Wenzetu wa viazi na mihogo wanaijua lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu mpaka libebe karibu gunia na nusu, likahesabiwa moja. Sheria imelikataza, na bado mnaliona barabarani. Baba alisema hivi, nami nikasikia: “Yeye ananipunja kwa bei, mimi namrudishia chini ya tenga.” Ni maneno ya mtu aliyeonewa. Na hapo ndipo mtoto anapofunzwa kweli. Sikujifunza wizi siku ile. Nilijifunza kitu kibaya zaidi, kwamba sababu nzuri ikipatikana, tendo halina haja ya kuwa zuri.

Asubuhi alikuja mjomba.

Wageni waliomo humu watuvumilie kidogo, maana hapa lazima nieleze utaratibu wa nyumbani. Kwa Kiluguru matombo ni matiti ya mama. Mgeni akiuliza jina hili limetoka wapi tunamwonyesha majabali mawili, na watoto wanacheka. Sisi ni watu wa upande wa mama. Mtoto ni wa lukolo la mamaye, yaani ukoo wa mamaye, na ardhi aliyokulia, kwa desturi, ni ya lukolo hilo. Baba ni baba, anapendwa na anaheshimiwa, lakini mara nyingi shamba analolima si lake kurithisha. Akiwapa watoto wake kipande katika ardhi ya ukoo wake mwenyewe, akifa wajomba wa upande ule waweza kukidai kirudi. Mwenye kauli ya mwisho juu ya watoto alikuwa kaka wa mama.

Basi mjomba alifika, akasalimia, akakaa. Aliyatazama matenga. Hakuuliza kitu. Aliinuka, akalishika tenga la kwanza kwa mikono miwili, akalimwaga lote uani. Machungwa yakabingirika hadi jikoni, makubwa na madogo na yale mabovu, kuku wakakimbia. Akasema sentensi mbili tu, na hakupandisha sauti: “Shemeji, michungwa hii si yako wala si yangu. Jina litakaloharibika ni letu sote.”

Baba alinyamaza. Nilimtazama nikitegemea kishindo. Badala yake alichuchumaa akaanza kuokota, na mjomba akachuchumaa naye, nami nikajiunga. Tulijaza upya, makubwa kwa madogo, yaliyooza tukayaacha kwa kuku. Fedha zilizopatikana zilikuwa pungufu. Juma lile tulikunywa chai bila sukari, nami nilimchukia mjomba kwa moyo wangu wote. Na bei haikupanda msimu uliofuata. Nasema hivyo kwa sababu najua mnasubiri niwaambie mnunuzi aliguswa akaongeza bei. Hakuguswa.

Kile nilichokiona uani siku ile ndicho kilichonileta mbele yenu leo. Niliona mtu mzima akirekebishwa, tena yule mkubwa kuliko wote niliowajua. Mpaka siku hiyo nilidhani maadili ni amri zinazoshuka kutoka juu hadi chini kama maji ya Ruvu: mkubwa humwambia mdogo, mdogo hupokea. Mbele ya lile tenga niligundua kwamba hata baba ana mahali pa kujibu. Na kama baba anajibu, basi ukweli si mali ya mwenye fimbo. Uko nje yetu sote, unatudai wote.

Ninavyoona mimi, mtoto hufunzwa uadilifu siku anapomwona mzazi wake akiupigia goti. Mawaidha yanasaidia, siyadharau. Mwana Kupona wa Lamu, akiwa mgonjwa mnamo mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi mzima wa wasia, na Shaaban Robert wetu aliwatungia wanawe wawili, Hati kwa binti na Adili kwa mwana. Ni hazina. Lakini angalieni: wasia huandikwa na mtu anayejua hatakuwepo. Sisi tulio hai tunatazamwa.

Sasa mtaniambia huyu mtu anataka turudi kwa wajomba. Hapana. Nimekaa na wajomba vya kutosha. Walikuwepo waliowaozesha wapwa zao bila kuwauliza kwa kuwa wao ndio waliokula mahari. Walikuwepo walioingia katika nyumba ya marehemu kabla kilio hakijakauka, wakawatoa watoto wa marehemu kwenye shamba walilolima na baba yao miaka ishirini. Nani alimmwagia mjomba tenga lake? Mara nyingi hakuna. Na mjomba asiye na wa kumhoji alikuwa mbaya sawasawa na baba asiye na wa kumhoji. Uzuri wa utaratibu ule, pale ulipofanya kazi, haukuwa katika mjomba. Ulikuwa katika kule kuwa wawili. Baba hakuwa na shamba la kumtishia mtoto kwamba nitakunyima, kwa hiyo heshima yake ilibidi aitafute kwa mwenendo. Mjomba alikuwa na shamba, lakini hakulala chini ya paa moja na mtoto, kwa hiyo hakuweza kutawala kila pumzi. Walitazamana. Mtoto alikua katikati ya macho mawili yasiyofumba kwa wakati mmoja.

Hata upande wa akina mama ilikuwa vivyo hivyo. Mwali hakufundwa na mama aliyemzaa peke yake. Walikuwepo wanawake wengine waliomkabili, wakamwambia yale ambayo mama angeona haya kuyasema, na wakamwambia mama naye alikosea wapi. Siusifu utawa wa zamani, ambapo msichana alifungiwa ndani miaka, si miezi. Shule ilipokuja, na Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa na misheni yao hapa tangu mwaka 1897, utawa huo ulianza kufupishwa, na walioumizwa nao hawakulia. Nasema tu kwamba tulipoutupa, hatukuuliza ndani yake kulikuwa na nini cha kubakiza.

Kuna methali tunayoitumia kila siku: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Baba hayumo. Wanaume wengi hawajaligundua hilo, na nimewahi kumwona mmoja akiitamka kwa hasira mbele ya mkewe kama hati ya mashtaka, huku yeye mwenyewe anatoka kilabuni.

Turudi kwenye fimbo, kwa maana najua ndiyo iliyojaa vichwani mwenu tangu nilipotaja kuchapwa. Wazee wa hapa hawahitaji mtaalamu kutoka mbali awaeleze fimbo inafundisha nini. Wanayo historia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Udongo ulikuwa unamomonyoka, mito inachafuka, na maofisa wakaamua kila mwenye shamba achimbe matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa ya lazima, kwa siku zilizopangwa, na asiyefika alipigwa faini. Wakulima walisema udongo wa milima hii ni mwembamba, ukichimba ngazi unautoa ule mbaya wa chini ukaufukia ule mzuri. Hawakusikilizwa. Julai 1955, hapa Matombo, watu walikusanyika, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukafa naye. Roland Young na Henry Fosbrooke waliyaandika hayo katika kitabu chao cha mwaka 1960, lakini nyumba nyingi humu hazikuhitaji kitabu.

Ninalotaka tulione ni hili, na ni jambo chungu. Ofisa yule hakusema uongo kuhusu udongo. Mmomonyoko ulikuwepo, na upo. Masika yakianza tazameni Ruvu inavyopita na rangi ya chai ya maziwa. Yale ni mashamba yetu yanakwenda Bagamoyo. Jambo lenyewe lilikuwa kweli, likaletwa kwa amri na faini, na watu wakaikataa amri pamoja na ukweli uliokuwa ndani yake. Ilichukua miaka mingi neno “matuta” litajwe tena bila mtu kukunja uso. Nendeni Mgeta, upande wa pili wa milima, mtakuta ngazi za mboga zinapanda hadi mawinguni, na hakuna bwana shamba aliyesimama na daftari la faini. Wanazilima kwa kuwa wanajua kwa nini.

Mtoto naye ana mmomonyoko wake. Tunachosema kwake mara nyingi ni kweli: usiibe, usiseme uongo, rudi mapema. Tunakileta kwa namna ya mwaka 1955, kisha tunashangaa mawe.

Wapo watafiti wawili, Victoria Talwar na Kang Lee, waliochapisha mwaka 2011 matokeo yao kutoka shule mbili za watoto wadogo huko Afrika Magharibi. Shule zile zilikuwa za mtaa mmoja. Moja ilikuwa ya viboko na makofi, nyingine ilikuwa ya kukemea kwa maneno. Mtoto aliketishwa akaambiwa asigeuke kutazama mwanasesere aliyewekwa nyuma yake, kisha mtu mzima akatoka. Karibu wote waligeuka, ni watoto. Tofauti ilionekana walipoulizwa. Watoto wa shule ya viboko walikana zaidi, na waliujenga uongo wao vizuri zaidi, bila kujisahau, kuliko wale wa shule ya pili. Wa miaka mitatu na minne! Fimbo ilikuwa imewafanya mafundi, kama vile baba alivyonifanya mimi fundi wa matenga.

Sheria nitaipita haraka, maana walimu mnaijua na mnajua inavyovunjwa. Kanuni za shule zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyepewa idhini yake kwa maandishi, viandikwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amlinde mtoto dhidi ya ukatili, ila bado inaacha nafasi ya kumrekebisha kwa kiasi kinacholingana na umri na hali yake. Na utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2011 ulikuta karibu robo tatu ya vijana wetu, wa kike na wa kiume, wamepata kipigo kabla ya kutimiza miaka 18. Kama fimbo ingekuwa inajenga maadili, Tanzania ingekuwa nchi ya watakatifu, na Kariakoo tusingehesabu chenji mara mbili.

Nani amebaki wa kuwatazama wazazi? Mjomba yuko Dar es Salaam. Waluguru wengi wamekwenda huko na matunda na mboga, wakabaki na biashara, na mjomba wa leo ni sauti ya simu mara moja kwa mwezi na muamala wa ada ya shule ukifika Januari. Somo wa mwali amebaki jina kwenye kadi ya mchango. Jirani akimkanya mtoto wako unamuuliza mtoto, “Anakulisha yeye?” Padre na shehe tunawasikiliza siku moja katika saba. Baba na mama wamebaki peke yao ndani ya nyumba ya bati yenye mlango unaofungwa kwa ndani, wana mamlaka ambayo babu zetu hawakuwahi kuyaota, na hakuna hata mmoja anayeweza kuingia uani asubuhi akalimwaga tenga.

Tena kwa wengi hata hao wawili hawapo. Nimeona katika vijiji vya barabara hii, kutoka Kiroka hadi Tawa, bibi mmoja na wajukuu wanne. Wazazi wako mjini. Bibi ana mgongo mbovu, na ukali wake umekwisha pamoja na nguvu zake. Watu wanasema watoto wa bibi wameharibika. Mimi nimefundisha wengi wao, na sikubaliani. Bibi asiye na nguvu za kuchapa hulazimika kueleza. Hukuambia amekosea kupima unga, amesahau alikoweka fedha za kikundi, umsaidie kukumbuka kabla hajaitwa mwizi. Mtoto anamwona mkubwa anayeogopa kudhulumu kwa bahati mbaya. Wapo baba wenye vifua vipana ambao hawajawahi kumwonyesha mtoto kitu kama hicho.

Kuna baba mmoja aliniambia, baada ya kunisikiliza mahali pengine: “Mwalimu, nikikiri kosa mbele ya mtoto, kesho atanipanda kichwani.” Nilimuuliza kama mtoto wake hajui kosa lenyewe. Akanyamaza kidogo, akasema anajua. Basi, nikamwambia, kinachobaki ni mtoto kujua kama wewe pia unajua. Hakupenda jibu langu. Aliondoka bila kuaga, na ni haki yake.

Siwaambii mkaitishe baraza kila mkikosea. Hakuna mtoto anayetaka kulishwa toba za baba asubuhi na jioni; hiyo nayo ni namna ya kujisifu. Nazungumzia mambo madogo yanayoonekana. Umempa konda noti, akakurudishia chenji ya ziada, mtoto yuko mapajani anahesabu kwa vidole. Umemtuma mtoto mlangoni aseme hupo. Umemtukana mkeo, yeye akasikia, kisha umeomba msamaha chumbani ambako yeye hakusikia. Hapo mtoto amepata nusu ya somo, na nusu aliyopata ni ile ya matusi. Kosa lililotendwa uani, kwa nini marekebisho yake yafanyike chumbani?

Na mtafuteni mtu wa pili. Sisemi lazima awe mjomba. Awe shangazi, awe rafiki wa zamani, awe jirani mliyekubaliana naye kwamba ana ruhusa ya kukwambia, “Hapa umekosea,” watoto wakiwa wamekaa pale pale kwenye mkeka. Mchague mtu mgumu. Anayekuonea haya hatakufaa. Na akishasema, usimtafutie kosa lake kabla hujakamilisha kuokota machungwa yako.

Baba yangu hakulizungumzia tenga lile tena. Alikuwa mtu wa kiburi na alikufa nacho. Lakini miaka mingi baadaye, mimi tayari ni mwalimu, nilirudi likizo nikamkuta anajaza matenga na mpwa wake mdogo. Nilisimama nyuma yao kimya nikiangalia. Mtoto alitaka kupanga makubwa juu. Baba aliyatoa moja moja akayachanganya, bila kueleza. Mtoto akauliza kwa nini. Baba akasema, “Kuna mtu atakuja kuyamwaga.” Mjomba alikuwa amekwisha kufa miaka sita kabla ya hapo.

Naona kuna mzee pale kushoto amenyoosha mkono tangu nilipowasema wajomba, na bakora yake ameshaigonga sakafuni mara mbili. Nimekula muda wake. Mzee, simama, karibu mbele.